Sentimita Mbili za Mbele

Binti aliuweka ufunguo mezani, karibu na kikombe cha baba yake, akabaki amesimama.

"Baba, gari silichukui."

Mzee hakuuliza sababu papo hapo. Alimeza kwanza chai iliyokuwa kinywani, akakitua kikombe katikati ya kisahani chake, ndipo akainua macho. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni, na vijana waliopita mikononi mwake, ambao baadhi yao leo wana wajukuu, walimwita Rula. Jina hilo alilijua, wala hakupata kulichukia. Rula haimnyooshei mtu maneno. Inalazwa ubavuni, na kilichopinda kinajionyesha chenyewe.

"Umeliendesha hadi wapi?"

"Kituo cha mafuta na kurudi. Linatangatanga, Baba. Nikilielekeza kushoto linataka kulia, nikilirudisha linapitiliza. Sijamaliza hata kilomita nne, mabega yote yanawaka moto. Kesho nina kilomita mia tatu na ishirini."

Binti alikuwa mkunga. Jumatatu alitakiwa kuripoti kwenye zahanati aliyohamishiwa, na gari hilo kuukuu ndilo kitu cha kwanza alichopewa na baba yake tangu walipomzika mama, miezi minne iliyopita. Mzee alikuwa na yake moyoni. Mwenye gari huja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mwenye kutegemea basi hutuma salamu, na salamu nazo hupungua. Binti akiliacha gari, amemwacha na yeye.

Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa lile neno. Linatangatanga. Alilisikia kwa mara ya kwanza miaka sita iliyopita, katika chumba hicho hicho, kwa sauti ya mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani lake lilikaa barazani, na gari lilikuwa miguu yake: alibeba magauni ya maharusi na sare za wanafunzi, akayafikisha kwa wateja wa mitaa ya mbali ambao mafundi wengine hawakuwafikia. Mwaka ule mzee alibadilisha tairodi mbili, vile vyuma vinavyosukuma magurudumu ya mbele usukani unapozungushwa, kisha akayanyoosha magurudumu mwenyewe kwa uzi, uani, kama alivyofunzwa ujanani. Juma hilo hilo mkewe akaanza kulalamika. Mume akamjibu kwamba gari limepimwa, na kipimo hakina upendeleo; kilichobaki ni mikono ya dereva. Siku chache baadaye gari likamponyoka mama kwenye kona ya soko, likaingia mtaroni na magauni matatu. Hakuumia. Akarudi kwa miguu, sketi imelowa tope hadi magotini, na mumewe akamnyooshea kiganja pale pale mlangoni.

"Lete ufunguo."

Alimpa. Mzee akapigilia msumari ukutani, juu ya meza yake ya kusomea, akautundika ufunguo hapo, kama alivyozoea kutundika ofisini kwake manati na redio ndogo za wanafunzi hadi muhula uishe. Muhula ule haukuisha. Kwa karibu miaka sita mkewe alipeleka nguo kwa miguu, mfuko begani, kwa wateja wa karibu tu. Wale wa mbali wakajitafutia fundi mwingine. Mzee aliendesha kwa ufunguo wake; huu wa mkewe ulibaki msumarini na kifungo cha buluu alichoufungia mwenyewe, hadi moyo wa mama huyo uliposimama asubuhi moja, sindano ikiwa katikati ya mshono.

"Gari halina tatizo," mzee alimwambia binti. "Mimi naliendesha."

"Unaliendesha kwa kulikaba koo. Nimekuona. Unashuka shingo imekakamaa kama umetoka kupigana."

Kweli alilikaba. Alikuwa na imani kwamba gari, kama darasa, huhitaji mkono mzito.

"Basi njoo uani," alisema, akasimama. "Tutalipima mbele ya macho yako. Likionekana limenyooka, utalichukua?"

"Likionekana limenyooka na bado linatangatanga?"

"Hilo haliwezekani."

Binti alipandisha mikono ya blauzi. "Haya, Baba. Tupime."

Walilisukuma hadi kwenye sakafu ya saruji ambayo mzee aliimwaga kwa mkono wake na kuihakiki kwa pimamaji. Alitandika chini ya kila gurudumu la mbele vipande viwili vya nailoni nzito, grisi katikati, ili magurudumu yageuke bila kung'ang'ania sakafu. Aliuweka usukani sawa, kisha, kwa kuwa hakupata kamba ya kuufunga, akavua mkanda wa suruali akaubana nao kwenye kiti.

"Mwalimu!" Sauti ilitoka juu ya ukuta. Jirani yao, mchomeleaji aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi Cheche, alikuwa amejitokeza kifua kizima, miwani ya kazi kipajini. "Leo gari limefanya kosa gani? Naona umelipigisha magoti!"

"Salama, Fundi?"

"Salama, lakini angalia hiyo suruali. Gari litanyooka, mwalimu abaki na aibu yake."

Binti alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afike juzi, na mzee, huku ameshikilia kiuno cha suruali kwa mkono mmoja, aliuonea wivu ule mzaha wa jirani.

"Lipeleke gereji ya kule barabarani," Cheche aliendelea. "Wana mashine. Kompyuta inasoma kila kitu, wewe unakaa kwenye benchi unakunywa soda."

"Mashine inamsomea asiyejua kusoma. Mimi nilifundishwa kazi hii kabla wewe hujajua kushika nyundo."

Hakuwa akijitapa. Alikuwa kidato cha tatu mwalimu wa ufundi alipowapanga mstari wavulana kumi na wawili, akawanyooshesha gari la shule kwa uzi wa katani. Aliyekosea alirudia, aliyerudia akakosea, alirudia wengine wakila. Kanuni aliishika neno kwa neno: uzi uvutwe kila ubavu wa gari, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, uwe umbali ule ule kutoka kitovu cha mbele na kutoka kitovu cha nyuma, kisha magurudumu ya mbele yalinganishwe na uzi. Gari la shule lilinyooka, na mwalimu yule, ambaye sifa kwake zilikuwa adimu kama nyama ya Jumatano, alimwambia: "Wewe una jicho." Maneno yale mawili matatu alikuwa ameishi nayo miaka hamsini.

Akaweka vigoda vinne vya jikoni kwenye pembe nne, akavikandamiza kwa matofali, akavuta nyuzi mbili za nailoni hadi zikalia zilipoguswa. Akachuchumaa na rula ya chuma.

"Kitovu cha mbele, sentimita kumi. Kitovu cha nyuma, kumi. Upande wa pili vivyo hivyo. Sasa tazama ringi ya gurudumu la mbele. Kutoka kwenye uzi hadi ukingo wake wa mbele. Kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa nyuma. Njoo usome mwenyewe, usije ukasema nimekusomea."

Binti aliinama, akasoma. Vipimo vilikuwa sawa kwa sawa. Walizunguka upande wa pili: sawa kwa sawa.

"Unaona?" Mzee alinyanyuka. Magoti yalimlilia, lakini uso wake ulikuwa uso wa zamani, wa mtu anayefunga jalada la kesi. "Gari limenyooka."

Binti alichuchumaa. Alipitisha mkono nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa ndani ambao haukuonekana kwa aliyesimama, akaushikilia huko kama anayempapasa mjamzito kutafuta kichwa cha mtoto kimelala wapi.

"Baba, lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete tu."

Akakiongoza kiganja cha baba yake hadi mahali pale. Upande wa nje wa tairi ulikuwa bado na kashata zake, yale meno ya mpira, imara. Upande wa ndani ulikuwa laini kama kiganja cha mtoto, na kwenye ukingo kabisa, kitu chembamba kikamchoma kidole. Ulikuwa waya. Tairi lilikuwa limeliwa hadi mifupani.

"Haya matairi yana umri gani?"

"Mwaka na nusu."

"Na yale ya kabla yake?"

Mzee alikichomoa kidole. Yale ya kabla yake aliyapeleka kwa muuzaji, akamgombeza kwa kumuuzia mpira mbovu. Na yale ya kabla ya hayo, alisema ni mkewe kwa kugonga kingo za barabara.

"Uzi unasema limenyooka," binti alisema polepole. "Tairi linasema halijanyooka. Mmoja wao anadanganya, na tairi halina sababu ya kudanganya."

"Chukua karatasi," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tuandike vipimo vyote, tuanze upya."

Karatasi ya karibu ilikuwa barazani: daftari la vipimo la mama, lililoning'inia kwa uzi kwenye mkono wa cherehani, palepale alipoliacha. Kila mteja alikuwa na mistari yake: tarehe, kifua, kiuno, nyonga, urefu; na chini, nguo ilipokwisha kuondoka, neno moja: Kachukua. Binti alifungua akitafuta ukurasa mtupu. Mzee, mgongo umeelekea baraza, alimsikia akifunua kurasa, kisha hakusikia kitu.

"Umekosa ukurasa?"

"Baba." Binti alikuja na daftari wazi, akasimama upande wa pili wa uzi. "Mama aliwahi kulipima gari?"

"Angelipimia nini?"

Binti akasoma. Alisoma bila kupandisha wala kushusha sauti, kama anavyosoma cheti cha mgonjwa.

"Tarehe tisa. Mteja: Gari. Mbele, mia moja arobaini na nne. Nyuma, mia moja arobaini na mbili. Mbele ni pana. Kalikata kama sare. Nimwambie akitulia."

Mzee alinyoosha mkono, akalichukua daftari. Ilikuwa penseli ya mkewe, ile iliyochongwa kwa wembe, na mwandiko wake ulioegemea nyuma. Tarehe tisa. Gari liliingia mtaroni tarehe kumi na nne. Hiyo hakuhitaji kukumbushwa, maana aliitaja mara nyingi, kila mkewe alipouangalia msumari.

Ndipo ikamjia asubuhi moja aliyokuwa ameisahau. Alilirudisha gari nyuma akienda shuleni, na kwenye kioo akamwona mkewe amepiga magoti kwenye saruji, futikamba shingoni, anachora vijistari kwa chaki ya kushonea. Jioni alimuuliza kwa nini anachafua sakafu ya watu. Mkewe alifungua kinywa, akakifunga, akaenda kuleta maji na ufagio.

"Ni kweli," alisema Fundi Cheche kutoka ukutani. Hakukuwa tena na mzaha sautini mwake, na miwani alikuwa ameivua. "Mimi ndiye niliyemshikia ncha ya pili ya futi. Aliteremsha uzi uliofungwa bobini ya cherehani kuwa uzito, pembeni mwa kila tairi, akatia alama chini. Ulipoondoka na gari tukapima. Akasema, fundi, ona, kifua na mgongo vya gari hili havilingani, na mume wangu kapima kama mtu wa sare moja. Tukacheka sana."

"Ulijua?" Mzee aligeuka. "Miaka sita ulijua, hukuniambia?"

Cheche alijikuna shingo. "Mwalimu, samahani. Nani angekuambia?"

Halikuwa tusi. Lingekuwa tusi, mzee angejua la kufanya nalo.

Kanuni ya shuleni ilikuwa ya kweli kwa gari la shule, ambalo upana wake wa mbele na wa nyuma ulikuwa mmoja. Hakuna aliyemwambia hivyo, naye hakuuliza, kwa kuwa shuleni walifunzwa kushika kanuni, wala si kuihoji. Kwenye gari hili, sehemu ya mbele ilitokeza sentimita moja zaidi kila upande. Aliyeweka uzi umbali mmoja mbele na nyuma alikuwa ameutanua kuelekea mbele, pande zote mbili. Na aliyelinganisha magurudumu na uzi huo alikuwa ameyafundisha kutazama nje, moja kushoto, moja kulia, kama watu wawili waliogombana wanaolazimishwa kutembea pamoja. Ndiyo maana lilitangatanga. Ndiyo maana matairi yaliliwa kwa ndani. Mkewe, ambaye hakupata kusoma ufundi hata siku moja, alikuwa ameliona kwa jicho la mtu ajuaye kwamba hakuna mwili wenye mbele sawa na nyuma.

"Lete futikamba," alisema.

Walipima kama mkewe alivyopima: uzi wenye bobini, alama nne za chaki, gari likasukumwa pembeni. Binti alishika ncha moja, mzee nyingine. Mia na arobaini na nne. Mia na arobaini na mbili. Mzee alisoma mara tatu.

Wakalirudisha gari. Safari hii uzi uliwekwa sentimita kumi kutoka kitovu cha mbele, na kumi na moja kutoka kitovu cha nyuma. Rula ya chuma ikasema kile ilichokataa kusema miaka yote: kila gurudumu la mbele lilikuwa limepogoka nje kwa milimita moja na nusu, unene wa kifungo chembamba cha shati. Nati za tairodi zilikuwa zimeota kutu. Mzee alizimwagia mafuta ya taa, akalala chali chini ya gari, akazing'ang'ania kwa spana hadi zikakubali. Nusu mzunguko huku. Nusu mzunguko kule. Kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi.

Alibaki chini kule zaidi ya ilivyohitajika. Binti aliviona viatu vya baba yake vimetulia, vidole juu, na spana haikusikika tena.

"Baba, umemaliza?"

"Nakaza nati."

Binti alingoja hadi viatu viliposogea.

Walilijaribu kwenye barabara ndefu inayopita nyuma ya viwanda, ambayo Jumamosi haina magari. Binti aliendesha. Hakusema neno hadi mwendo ulipofika sitini; ndipo akafungua viganja, akaviinua juu ya usukani kidogo tu, kama anayevianika juani. Gari likaenda. Halikwenda upogo, halikwenda kombo; lilifuata mbele yake kama lililokumbuka njia. Nguzo zikapita moja moja. Mzee alizitazama zikipita, akahesabu hadi ya tisa, kisha hakuweza kuziona vizuri.

"Simamisha."

Binti akasimamisha pembeni. Injini ilinguruma taratibu.

"Mama yako alipima sawasawa," mzee alisema. Aliyatoa maneno moja moja, kichwa juu, kama anayesoma hukumu mbele ya gwaride, na hukumu ni yake. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilimnyang'anya ufunguo kwa kosa langu mwenyewe. Alikuwa na ushahidi ndani ya daftari, akaniogopa. Baada ya mtaro asingeweza tena kuusema, kwa sababu ningeuita kisingizio. Ningeuita hivyo. Najijua."

Binti alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Nimesikia, Baba," alisema hatimaye. "Lakini si mimi uliyetakiwa kuniambia."

"Najua."

"Mfuko ule ulimchubua bega. Nikija likizo nilikuwa nampaka mafuta. Aliniambia ni cherehani."

Mzee aliinamisha kichwa. Hakuomba msamaha, alihisi kwamba kumwomba binti ingekuwa kumtwika deni la watu wawili. Wakarudi nyumbani, na gari halikuwapa hata kisingizio cha kuzungumza juu yake.

Asubuhi ya Jumapili masanduku yalipakiwa. Binti alinyoosha mkono kuuchukua ufunguo wa baba yake mezani, lakini mzee akamzuia, akaingia chumbani. Msumari ulikuwa mrefu, na kwa miaka sita hakuna aliyeugusa. Akautundua ufunguo wenye kifungo cha buluu, akakifuta vumbi kwa kidole gumba, akatoka nao kiganjani.

"Huu ndio wako."

Binti alikiangalia kile kifungo. Akaufumba mkono juu yake, akausogeza kifuani, akageuka upesi kuelekea gari.

"Matairi ya mbele uyabadilishe kabla hujatoka mjini," mzee alimkumbusha dirishani. "Wala usiyasubiri hadi—"

"Nitayabadilisha."

"Na mwisho wa mwezi..." Hakuimaliza.

"Nitaangalia zamu zangu, Baba."

Gari lilitoka langoni, likashika barabara, likanyooka. Cheche alipunga mkono kutoka juu ya ukuta, bila kuchekesha. Mzee alisimama hadi mlio ulipopotea, kisha akarudi uani. Vigoda vinne vilikuwa bado kwenye pembe zake, nyuzi mbili zimevutwa barabara, na katikati yake hapakuwa na kitu isipokuwa alama nne za chaki. Hakuzifuta.

Alikaa barazani, kwenye kiti cha cherehani, kwa mara ya kwanza tangu kiwepo. Akafungua daftari kwenye tarehe tisa. Juu na chini ya ukurasa ule wateja wote walikuwa na neno lao la mwisho. Chini ya Gari palikuwa patupu. Akaitafuta penseli kwenye droo, kati ya bobini na pini. Ilikuwa butu. Akaichonga kwa wembe, polepole, akageuza kila upande, na kwa mwandiko wake ulionyooka, ambao kando ya ule ulioegemea nyuma ulionekana mkali kupita kiasi, akaandika: Kachukua.

Akalitazama lile neno. Kisha akageuza ukurasa, na uliofuata, na uliofuata, akiyasoma majina ya wateja wa mitaa ya mbali, hadi alipofika mahali yalipokoma.